Weusi kwenye gemu za zamani: mbio na mabavu tu?

Mzee wa Pedi: Wakuu, nimerudia gemu ya soka ya PES 6 kwenye PS2. Obafemi Martins ukimpenyezea pasi, beki anabaki anakula vumbi. Adriano nguvu ya shuti 99! Nawapenda mno hawa. Ila roho inaniuma: mbona weusi wengi walipewa kasi na misuli, ubongo wa kuchezesha timu wakapewa wachache?

Binti Temeke: Seedorf je, yule kiungo mweusi pale Milan? Mimi nilikuwa napitishia kila mpira kwake.

Kaka Yao: Marekani mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwenye Tecmo Super Bowl ya 1991, gemu ya futiboli ya Kimarekani, Randall Cunningham, mweusi aliyekuwa kwota-beki (QB, anayeongoza mashambulizi na kugawa pasi) wa timu ya Eagles, aliandikwa "QB Eagles" tu, sababu haki za jina hazikuwemo. Lakini Warren Moon, QB mweusi wa timu ya Oilers, alikuwemo kwa jina lake, anagawa pasi. Huyo 1978 hakuna timu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, iliyomchagua, akaenda kucheza Kanada. Weusi walikuwa wakihamishwa kutoka nafasi hiyo ya QB, eti hawana akili ya kuicheza. Mtoto kushika pedi na kuongoza timu kupitia Moon, hilo ni kubwa sana kwangu.

Mzee wa Pedi: Moon sikumjua kabisa. Naitafuta hiyo gemu leo leo, na Seedorf namrudisha kikosini.