Shule za walowezi wa Marekani zilianzaje, na nani alikuwa anamlipa mwalimu?

Mtafuta_Elimu:
Wakuu habari za humu. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi. Nimekuwa nasoma habari za wale walowezi walioenda magharibi ya Marekani miaka ya 1800, wale wa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na kila mji nikiusoma naona hawajamaliza hata kujenga nyumba zao tayari wana shule. Watu wanalala kwenye mahema au kwenye mashimo waliyochimba ubavuni mwa kilima, shamba halijavunwa hata mara moja, ila mwalimu yupo na watoto wanasoma. Hela ilitoka wapi? Serikali iko Washington huko mbali. Na mwalimu mmoja anafundishaje mtoto wa miaka 6 na kijana wa 18 ndani ya chumba kimoja? Halafu vile vishule viliishia wapi maana leo wana mashule makubwa ya mabasi. Mwenye kujua anieleweshe taratibu, sio juu juu.

Mzee_wa_Maktaba:
Mkuu umeuliza la maana sana. Anza na ardhi kabla hujaenda kwenye hela. Mwaka 1785 bunge lao lilipitisha sheria ya kupima ardhi za magharibi, wakazikata miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba wakaugawa vipande 36 vya ekari 640, na kipande namba 16 kikawekwa pembeni kwa ajili ya shule. Yaani kabla mtu hajafika pale shule ilishatengewa sehemu yake kwenye ramani. Baadaye, kuanzia na Oregon 1848, maeneo mapya yakawa yanatengewa vipande viwili, cha 16 na cha 36, na yale makame kama Utah na Arizona wakaja kupewa vinne kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa haina thamani kubwa.

Sasa shida ndo hapo, ardhi ya nyikani haimlipi mwalimu mwezi ujao. Nani akodishe kipande cha nyasi wakati ardhi imejaa kila upande? Kwingine viliuzwa kwa bei ya kutupa, kwingine watu walivivamia tu wakakata miti. Kwa hiyo miaka ya mwanzo mzigo ulikuwa wa wazazi wenyewe, mnakubaliana na mwalimu, kila mzazi analipa kulingana na idadi ya watoto wake, asiye na hela analeta kuni, unga, nyama, chochote. Na maskini kabisa mtoto wake alibaki nyumbani, hilo tusilifiche.

Angalia bonde la Salt Lake, huko Utah. Wamormoni, watu wa dhehebu moja la dini, walifika Julai 1847, na Oktoba mwaka huohuo binti anaitwa Mary Jane Dilworth, bado mdogo tu, akafungua darasa ndani ya hema. Wakati huo bonde lile kwenye karatasi lilikuwa bado la Mexico! Hakuna wizara, hakuna kodi, hakuna mtu wa Washington. Sheria ya shule za bure huko Utah ilikuja 1890, zaidi ya miaka 40 baadaye. Katikati hapo watu walijibeba wenyewe.

Mwalimu_Mstaafu:
Mzee shikamoo, umeeleza vizuri. Mimi niongezee la darasani maana nimefundisha maisha yangu yote na hawa walimu nawaheshimu kupita kiasi.

Ndani kulikuwa na jiko la chuma katikati, mabenchi, ubao kama upo, na kila mtoto kibao chake cha kuandikia. Mwalimu hakufundisha wote pamoja. Aliita kikundi kidogo mbele, wanasoma kwa sauti au wanataja hesabu walizokariri, dakika chache wanarudi, anaita wengine, na wakati huo waliobaki wanafanya kazi zao na wakubwa wanawasaidia wadogo. Mtoto mdogo alikuwa anasikia somo la wakubwa kila siku, kwa hiyo akifika kwenye hilo somo tayari nusu analijua. Hili jambo wengi wanalipuuza ila mimi naliona ni kubwa sana.

Muhula ulifuata shamba. Wakati wa baridi wanakuja vijana wakubwa maana hakuna kazi, kiangazi wanakuja wadogo na wasichana. Walimu wengi wakawa wanawake, wengine bado wasichana wadogo kabisa, na walilipwa chini ya wanaume kwa kazi ileile. Sehemu nyingi mwalimu hakuwa na nyumba, anazungushwa, wiki hii analala kwa familia hii wiki ijayo kwa ile, anakula wanachokula, analala chumba kimoja na wanafunzi wake. Hebu fikiria huna hata pa kupumzika na watoto unaowafundisha mchana!

Na hatari ilikuwepo. Januari 12, 1888 dhoruba ya theluji ilipiga Nebraska, Dakota na majirani zao mchana watoto wakiwa shule, asubuhi hali ilikuwa nzuri kwa hiyo wengi hawakuvaa nguo nzito. Waliokufa wanakadiriwa 235, wengi ni watoto waliokuwa njiani kurudi nyumbani. Walimu wakaamua peke yao, tubaki au tutoke, na jiko limeishiwa kuni.

Nyota_ya_Kaskazini:
Naomba na mimi niseme kitu maana uzi unaelekea kuwa wa upande mmoja. Hivyo vipande namba 16 vilikatwa kwenye ardhi ya wenyeji wa asili walionyang'anywa au kulazimishwa kuweka sahihi. Na wakati watoto wa walowezi wanasoma karibu na mama zao, watoto wa wenyeji walipelekwa mabweni ya mbali kama Carlisle kule Pennsylvania, ilifunguliwa 1879, wanakatwa nywele na wanakatazwa lugha zao. Ni nchi ileile na miaka ileile, huwezi kusimulia moja ukaacha nyingine.

Pia walowezi hawakuwa wazungu peke yao. Nicodemus, Kansas, ilianzishwa 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, wengi walikuwa watumwa miaka michache nyuma. Walifika hakuna miti, wakaishi kwenye mashimo ardhini, na hata hivyo watoto wakaanza kusomeshwa. Watu ambao walikotoka kusoma kulikuwa hatari kwao, cha kwanza wanatafuta mwalimu! Jengo la shule yao la 1918 bado lipo na ni sehemu ya eneo la kihistoria la taifa.

Mtafuta_Elimu:
Asanteni sana, na Nyota umenifungua macho. Sasa sekondari zilikujaje, na vile vishule vilienda wapi?

Mzee_wa_Maktaba:
Marahaba mwalimu. Mkuu, sekondari zilileta ugomvi. Watu walikuwa wanauliza kwa nini kodi yangu isomeshe kijana mkubwa wa mwenzangu, kesi ikafika mahakama kuu ya Michigan, ile ya Kalamazoo ya 1874, wakaamua kodi inaruhusiwa kulipia sekondari, na majimbo mengine yakafuata njia hiyo. Kuhusu kulazimisha mtoto asome, Massachusetts walianza 1852 na Mississippi wakamalizia 1918.

Vishule vyenyewe viliuawa na barabara na gari. Basi likishaweza kumbeba mtoto maili 10, kulikuwa hakuna sababu ya kuwa na chumba kila maili chache, na watu mashambani walikuwa wanapungua. Mwaka 1930 zilikuwepo shule za mwalimu mmoja karibu 149,000, kufika 1970 zimebaki kama 2,000. Wilaya za shule, yaani maeneo yanayojiendeshea shule zake, zilishuka toka 117,000 hivi mwaka 1940 mpaka 18,000 hivi miaka ya mwanzo ya 1970. Wanavijiji wengi walipinga sana na mimi nawaelewa, maana pale ndo palikuwa pa mikutano, kura, ibada na sherehe, shule ikifungwa kijiji nacho kinakufa polepole. Ila mtoto alipata maabara, maktaba na mwalimu wa kila somo, hilo nalo ni kweli.

Na ile ardhi haijaisha. Majimbo kama Utah na Arizona bado yana maeneo makubwa ya shule, yanakodishwa kwa malisho na madini, na Utah sehemu ya mapato inafika mpaka kwenye shule mojamoja ambapo baraza la wazazi na walimu linapanga itumikeje.