Kuhama na namba, kuongeza laini au kuvuta faiba: kipi kinafaa kwa biashara ya Mbeya?

Mama Steshenari
Habari zenu wakuu. Nina steshenari Mwanjelwa, na wikendi napanda Rungwe kununua maparachichi kwa wakulima. Mjini laini yangu haina shida. Nikishaacha lami na kuingia vijijini, menyu ya pesa inazunguka mpaka inagoma, mkulima kasimama na kreti zake ananisubiri, mimi nazunguka shambani na simu juu kutafuta mtandao. Bando nalo haliishi wiki kwa sababu dukani natuma mafaili ya wateja. Nihame mtandao na namba yangu ileile, niongeze laini ya pili, au nivute faiba, ile intaneti ya waya, dukani? Naomba ushauri wa aliyefanya.

Fundi wa Mafiati
Dada, kampuni iache kwanza, tafuta mnara uko wapi. Milima yetu inakata mawimbi: barabarani 4G imejaa, ukishuka bondeni kidogo tu umebaki na 2G au huna kitu kabisa. Azima simu za wenyeji wenye mitandao tofauti, simama palepale mnapopimia mzigo, upige simu, ufungue menyu, ufungue na intaneti. Menyu ya pesa haihitaji bando, hata 2G inaibeba. Ikigoma hapo ujue mawimbi ni hafifu, na kuongeza GB hakutakusaidia.

Kijana wa Tunduma
Naongezea kwenye laini ya pili. Zamani tulitembea na laini kibao kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, ikawa inashusha kile kiwango ambacho kampuni moja inailipa nyingine kwa kupokea simu zake: shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, mpaka 2.00 mwaka 2022. Leo vifurushi vya mitandao yote viko kila mahali. Kwa hiyo kama ni kupiga tu, laini moja inatosha. Ya pili nunua kwa ajili ya mawimbi ya Rungwe.

Mhehe wa Mafinga
Kamwene. Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya faiba ya nchi, unafuata barabara kuu hii hii yetu, Iringa, Mbeya hadi mpakani Tunduma, lakini kupita barabarani si kufika dukani kwako. Uliza jirani wa mlango wa tatu kama ameshavutiwa. Ukiipata, kwa kazi ya mafaili faiba ni mkombozi, unalipa kwa mwezi na huhesabu MB. Ila umeme ukikatika ruta inazima, tenga na hela ya betri.

Binti wa Tukuyu
Kuhama na namba kumeruhusiwa tangu Machi 2017 na ni haki yako, lakini sikiliza vizuri dada yangu: inayohama ni namba peke yake. Salio la vocha na bando havihami. Pesa iliyo kwenye simu nayo haihami, na lipa namba uliyobandika dukani ni ya mtandao wa zamani. Toa hela yote, lipa mkopo wa simu kama unao, ndipo uende kwa wakala na kitambulisho cha NIDA. Kwa mfanyabiashara ambaye wateja wameshazoea kumlipa, mimi nasema usihame. Ongeza laini.

Halafu ulizeni serikali ya kijiji. Mei 2023 serikali kupitia UCSAF, mfuko wa mawasiliano kwa wote, ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini nchi nzima. Kama kata yenu imo na mnara hauonekani, diwani aulizwe. Wakulima wetu wanapoteza wanunuzi kwa jambo hili, na inauma.

Mama Steshenari
Ndaga fijo. Basi laini ya pili kwa ajili ya shamba, na faiba nitaulizia mtaani. Huu mtandao wangu unaomaliza bando bila hata ujumbe, nawashitaki wapi?

Fundi wa Mafiati
Masharti ya vifurushi ya TCRA ya 2021 yanataka ujulishwe kifurushi kikifika asilimia 75 na kikiisha. Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, wakupe namba ya lalamiko, uitunze pamoja na tarehe. Wakikaa kimya, peleka ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ipo hapa hapa Mbeya. Na ukishasajili hiyo laini mpya, piga *106# uhakikishe hakuna namba usiyoijua kwenye NIDA yako.