Mlima Kenya mwezi wa Agosti tukitokea Tanga: mwamba, barafu, au vyote viwili?

Dada wa Chumbageni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Sisi ni wakazi watatu wa Tanga ambao kwa miaka minne tumekuwa tukipanda miamba ya Usambara, upande wa Lushoto, kwa kamba na vifaa vyetu wenyewe. Sasa tunataka kuvuka mpaka kwenda Mlima Kenya, na shabaha yetu si kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, ambacho watu hukifikia kwa miguu, bali ni kilele kikuu cha Batian, chenye mita 5,199, ambacho hakipandiki bila kukwea mwamba. Likizo zetu zinakutana mwezi wa Agosti tu, kwa wiki mbili. Tungependa kupanda mwamba na barafu katika safari hiyo hiyo, kwa sababu barafu hatujawahi kuigusa kwa shoka. Je, Agosti inafaa, na tuanzie upande gani?

Mzee wa Raskazoni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Agosti inafaa kwa mwamba, ilimradi mwende kaskazini. Mlima ule umekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo pande zake mbili hupishana majira: tangu Juni hadi Septemba jua hupita kaskazini na kuukausha ukuta wa huko, ilhali ukuta wa kusini hubaki kivulini ukishika theluji; kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mwanzo wa Machi mambo hugeuka. Ndiyo maana njia ya kusini-mashariki ya Nelion, kilele jirani cha Batian, ambayo Shipton na Wyn Harris waliifungua mwaka 1929, ningewashauri muiache hadi mpate likizo ya Januari. Ninyi chukueni njia ya kaskazini ya Batian, iliyopandwa kwanza na Firmin na Hicks mwaka 1944. Ingieni kwa lango la Sirimon, mpite kambi ya Shipton, kisha mlale karibu na mguu wa ukuta.

Kuhusu barafu, nasema kwa uchungu. Vitabu vya zamani vinausifu sana mfereji wa barafu wa kusini uitwao Diamond Couloir, na msomaji huamini kwamba bado uko vile vile. Barafu yake imepungua mno, hasa sehemu ya chini, na hata ile barafu kuu ya Lewis, niliyoiona kwa macho yangu nikiwa kijana, imenywea ikabaki mabaki. Msijenge safari juu ya kitu ambacho huenda mkakikosa.

Kijana wa Pongwe

Shikamoo Mzee, na pole kwa maandalizi, dada. Naongeza jambo moja ambalo lilitaka kunitoa roho. Sisi watu wa pwani tunatoka usawa wa bahari, na mimi niliingia Sirimon nikiwa na nguvu zote, nikafika kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200 hivi, siku ya pili tu. Usiku ule kichwa kiliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa, nikatapika, na asubuhi nikawa napepesuka kama mlevi. Mwenzangu hakubishana nami. Alinishika mkono tukashuka, na nilipofika chini ya mita 3,500 nikaanza kupata nafuu. Kupepesuka, au kuhema ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu, ni amri ya kushuka saa ile ile, hata kama ni usiku. Katika wiki zenu mbili, siku tano za kwanza zitengeni kwa kuuzoesha mwili, na Lenana ipandeni kama sehemu ya mazoezi hayo.

Mama wa Ngamiani

Wanangu, mchana wa ikweta una saa kumi na mbili tu, na mawingu mara nyingi hufunga alasiri. Anzeni kupanda kabla ya mapambazuko, mbebe mavazi ya kulala juu, kwa maana kushuka kwa kamba hula muda mwingi kama kupanda. Kamba ziwe mbili, kofia ngumu kila mmoja, na kwa kuwa nyufa za juu zenye kivuli huweza kuwa na utando wa barafu, shoka moja halitakuwa mzigo wa bure. Njiani piteni mpaka wa Horohoro, mvuke kivuko cha Likoni, mpande treni ya Mombasa hadi Nairobi, kisha gari la Nanyuki. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, maana mkirudi nyumbani kutoka Kenya mtaulizwa. Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao, basi zilipeni mapema.

Dada wa Chumbageni

Shikamooni wazee wangu, nawe kaka, ahsante sana. Tumekaa jana usiku tukakubaliana: Agosti ni ukuta wa kaskazini peke yake, na siku tano za kuuzoesha mwili hazitaguswa. Mwenzetu mmoja alisikitika kuiacha barafu, lakini alipoyasoma maneno ya Mzee kuhusu Lewis alinyamaza. Kaka wa Pongwe, je, mliposhuka mlilala kambi ya Old Moses, au mlilazimika kufika hadi langoni?

Kijana wa Pongwe

Tulilala Old Moses, kwenye mita 3,300. Palitosha, asubuhi nilikunywa chai na kutembea mwenyewe.