Naombeni ushauri, Rosa Mistika imenivuruga kichwa

Wakuu habari za jioni. Juzi nimenunua Rosa Mistika ya Kezilahabi kwa wale wanaopanga vitabu chini pale Posta, nikawa naisoma kwenye daladala nikirudi Mbagala, foleni ya Kilwa Road mnaijua wenyewe, hadi kituo kikanipita. Sasa pale Zakaria, yule baba mlevi, anapompiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana nikafunga kitabu kwanza, maana mwezi uliopita na mimi nilimchapa binti yangu wa fomu tuu sababu ya meseji tu za kwenye simu, tena mimi hata pombe sinywi jamani. Tangu hapo ananiitikia shikamoo na basi.

Nataka nimpe akisome lakini mama yake kagoma, anasema kina mambo ya kikubwa na mwisho Rosa anajiua, na kweli kilipotoka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni. Mliosoma mkiwa na umri huo kiliwafanyaje? Nimpe, nikisome naye, au nianze tu kwa kumwomba msamaha? Wa "kazeeka huyu" piteni kushoto.