Tupeane uzoefu: mliobadilisha springi na shokapu za pikapu used za 4x4, mlichagua kwa kuangalia nini?

Mpunga_Ifakara
Heshima kwenu wakuu. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2009, dizeli, nimeichukua kwa jamaa aliyekuwa anaifanyisha kazi za saiti. Injini iko vizuri ila nyuma imekaa chini hata ikiwa tupu, na ukikanyaga breki pua inazama. Matumizi yangu ni Ifakara kuelekea Mlimba, mbolea kwenda, mpunga kurudi, siku zingine naenda mtupu mimi na mdogo wangu tu. Sasa fundi wa kwanza anasema ongeza jani moja la springi (ile bapa ya chuma) kila upande yaishe, wa pili anataka tuinue gari inchi nne, na muuza spea Kariakoo yeye ananiuliza tu nataka ngumu au laini! Waliopitia hii kitu mwageni uzoefu, natanguliza shukrani.

Kamanda wa Kreta
Mkuu mimi natembeza wageni huku kaskazini na Land Cruiser 79, ile koili mbele majani nyuma. Ile barabara ya kutoka Ngorongoro kushuka kwenda Naabi wanaoijua wanaijua, imejaa vile vimawimbi mfululizo, shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika mpaka oili ya ndani inachemka na inakuwa nyepesi, apo gari linaanza kuelea, usukani hausikii. Kazi ya shokapu sio kubeba mzigo jamani, mzigo unabebwa na springi, shokapu inatuliza springi isiendelee kucheza. Kwaiyo kama gari yako imekaa chini, shokapu mpya hata za bei ya ng'ombe hazitaiinua.

Kitu nilichofundishwa na dereva mzee: ukitoka kwenye rafu rodi simama, pitisha mkono karibu na kila shokapu (karibu, usishike, utaungua). Iliyo ya baridi wakati wenzake wa moto ndo imekufa, maana haifanyi kazi yoyote.

Nilipobadilisha nilihama kwenye za oili za kawaida nikaweka za gesi zenye mrija mmoja. Zinapoa haraka kwa sababu oili imegusa ukuta wa nje moja kwa moja. Ubaya wake jiwe likipiga likabonyeza ule mrija basi pistoni inakwama humo humo, wakati zile za mirija miwili zinavumilia kubonyea kidogo. Ndo maana mbele ya za nyuma nimechomelea vibati vya kukinga mawe.

Njoro_wa_Maua
Hapa Kenya ukinunua Hilux used angalia kama ilikuwa ya miraa. Yangu ilikuwa. Hizo zinaongezewa majani nyuma mpaka zinakaa kama lori, kwa sababu zinatoka Maua kule Meru zimejaa hadi juu na zinakimbia, so zikiwa na mzigo ni tamu sana. Mimi sibebi miraa, nabeba vifaa vya solar nikienda Isiolo na kurudi, sio nzito. Hiyo kitu ikiwa empty ilikuwa inarusha matako, kona ya murram nyuma inahama kando, abiria wa nyuma analia mgongo. Na nilipoingia chini nikapata chasisi ina ufa mdogo hapo bracket ya springi inakaa, springi ikikataa kupinda kitu ingine itapinda. Tulichomelea, tukatoa yale majani ya kuongezewa, tukaweka seti kamili ya uzito wa kati na shokapu za kuendana nayo. Sasa ni gari ya kawaida. Kwa hivyo hiyo ya jani moja, boss, inategemea yale uko nayo sahi yako namna gani, kama yamechoka na yamenyooka jani mpya moja ndio litabeba yote na litavunjika mapema.

Kisukuku
Weka genuine za Toyota, funga mjadala. Mambo ya lifti, kuinua gari, ni ya vijana wa Instagram.

Fundi Chasisi
@Kisukuku genuine ni nzuri kama gari liko kama lilivyotoka kiwandani mkuu. Mtu ana bulbar ya chuma na winchi, hapo mbele ameshaongeza karibu kilo 100 ambazo hazishuki hata akilala, genuine itakaa chini kabla ya safari kuanza.

Mtoa mada, mimi nafunga hizi kitu kila wiki. Mteja akija na jina la brandi namwambia kwanza twende mizani. Pima gari tupu lenye vitu vyako vya kudumu, keria, tanki la ziada, boksi la spana, alafu pima siku umepakia mbolea. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima hiyo, na kwa dabo kebini huo ni mzigo mkubwa, usidhani springi itaongeza uwezo wa ekseli au chasisi, haiongezi. Springi za nyuma za kampuni za maana, mfano Old Man Emu ya Australia, zinauzwa kwa kufuata uzito unaobeba muda wote, sio ule wa mara moja moja. Kwa mtu kama wewe anayeenda amejaa anarudi amejaa ila siku zingine mtupu, chukua za uzito wa kati, usichukue za mzigo wa kudumu kilo 500 ukaja kunilaumu.

Na inchi nne achana nayo. Vigo mbele ni wishiboni (mikono inayoshika tairi) na koili, ukipita kama inchi mbili ile pembe ya drive shaft inayozungusha tairi inakuwa kali, mipira inayofunika joint zake za CV inachanika, kemba (mlalo wa tairi) haipatikani tena hata alaimenti ufanye wapi. Kuna kingine watu hawakiangalii: Vigo nyingi nyuma zina kifimbo kinachounganisha difu na valvu ya breki. Kile kinapima gari limebeba kiasi gani. Ukiinua nyuma usiporekebisha kifimbo, valvu inadhani gari ni tupu muda wote, breki za nyuma zinapewa presha ndogo hata ukiwa na tani. Shuka mlima na mpunga uone.

Mama Kanopi
Hiyo ya inchi nne nathibitisha, dada yenu hapa Mbeya nilinunua Ranger ikiwa imeshainuliwa hivyo na mwenye nayo wa kwanza. Kwenye picha ilikuwa inapendeza mno. Ikifika 80 inatetemeka sakafu nzima, propela, ile shafti ya kwenda difu, imekaa vibaya, taa usiku zinamulika miti na wenzangu wananipigia full kila dakika. Nikairudisha mpaka inchi moja na nusu, taa nikazishusha, mtetemo ukaisha. Nilichokipata cha ziada ni kwamba mama yangu sasa anapanda mwenyewe bila stuli.

Bush_za_Gerezani
Angalizo kwa wanaokimbilia springi za mtumba: nyingi zinauzwa moja moja au zimeunganishwa kutoka magari mawili tofauti, ukifunga gari linalala upande mmoja. Na koili za baadhi ya magari kulia na kushoto hazilingani urefu, zina alama, fundi asiyesoma anabadilisha upande alafu mnaanza kutafuta mchawi. Shokapu used ndo usiguse kabisa.

Mpunga_Ifakara
Aisee nimepata darasa. Nimeenda mizani ya hapa kwenye mashine ya mpunga, tupu na keria nyuma haina uzito wa kutisha, kumbe majani tu yamechoka. @Fundi Chasisi nianze nyuma peke yake nijichange mbele baadae, au nisubiri niwe na hela yote?

Fundi Chasisi
Anza nyuma, springi na shokapu kwa pamoja, ila mbele angalia kama shokapu zinavuja, kile kuzama pua kwenye breki kinanipa wasiwasi. Nunua na yuboti mpya (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), za zamani zikishafunguliwa zimeshavutika. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, sio likiwa juu ya jeki, zikikazwa likining'inia zinajisokota na kuchanika mapema. Ukishatembea kilomita mia tano hivi rudi ukaze yuboti upya. Ukija Moro nitafute inbox.

Kisukuku
Na mimi bado nasema genuine.