Kovu la bega mbona linazidi kukua?

Mimi fundi jahazi, Matondoni, Lamu. Msumari ulinichana bega. Jeraha limepona, kovu limevimba hadi kupita mpaka wa jeraha. La mguuni, refu zaidi, limelala. Nyama si ile ile?

— Pole, fundi. Seli zimeshikilia wavu wa kolajeni, nyuzi za protini, ambao huufuma zenyewe. Bega huvutwa kila upigapo randa. Seli zikihisi wavu umekaza, hufuma zaidi. Usikimbilie kukatwa tu, makovu hayo hurudi.

— Kweli seli huhisi ugumu. Mwaka 2006 watafiti Marekani walikuza seli-shina, seli changa ziwezazo kuwa za aina mbalimbali, juu ya jeli. Kwenye laini kama ubongo zilielekea kuwa neva, kwenye ngumu zikaelekea mfupa. Chakula kile kile!

— Kumbe kama mataruma, mbavu za jahazi: ubao hufuata umbo la mbavu hizo. Mke wangu alidhani najikuna.