Tupeane uzoefu: baiskeli ya lami ya kwendea kazini, yenye mbio, ya kudumu na isiyoita wezi

Mkaazi wa Kunduchi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Mada hii ni ya wale wanaokwenda kibaruani kwa baiskeli, si ya mazoezi ya mwisho wa wiki. Mimi ni mtu wa Kunduchi–Posta, kama kilomita 20 kwenda, Barabara ya Bagamoyo mpaka Mwenge, halafu Ali Hassan Mwinyi hadi mjini. Phoenix niliyorithi kwa mzee inanifikisha, ila nafika ofisini shati halifai tena na wenzangu wameshamaliza chai.

Nataka ya lami: nyepesi kiasi, inayokwenda kweli, ya kukaa nayo miaka, na nikiiegesha nje ya jengo mtu aipite bila kugeuka. Zile mpya za kumeremeta zenye springi mbele na stika kila bomba nimeziona Kariakoo, sizitaki. Ile springi ni uzito wa bure, na ukisimama kukanyaga inameza nguvu yako.

Aliye nayo anayoitumia kila siku atiririke: ulichagua nini, kwa nini, na imekutendea nini. Wale wa "nunua bodaboda" nimeshawasikia, pita tu kushoto.

Fundi wa Temeke

Mkuu, mimi natengeneza, kwa hiyo nitaongea kwa yanayokuja kijiweni. Watu wananiletea baiskeli wakisifia jina lililoandikwa kwenye fremu. Fremu ndiyo kitu kinachonipa kazi kidogo kuliko vyote. Kinacholeta watu kwangu ni gurudumu la nyuma.

Kuna nyuma za aina mbili. Ya kwanza friwili, yaani fungu zima la meno ya nyuma, inafungwa kwa hesi juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Ikiwa ina gia sita au saba, meno yote yananing'inia nje ya beringi, ekseli inabaki ndefu bila egemeo upande wa mnyororo. Mtu mzima akipiga mashimo kila siku, ekseli inapinda na mwisho inakatika, na wengi wanaendelea kuendesha bila kujua kwa sababu ule mwamba mwembamba wa kufungua kwa mkono, unaopita ndani ya ekseli, unashikilia vipande. Aina ya pili ni ya kaseti, meno yanachomekwa tu juu ya habu, na beringi imesogezwa mpaka nje karibu na fremu. Hiyo inavumilia.

Kuzitofautisha ni rahisi. Zungusha meno ya nyuma kinyumenyume ukitazama pale katikati penye mikato ya kuingizia kifaa. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia meno yakizunguka peke yake, ni friwili.

Ukienda kwenye makontena ya mtumba, nenda na rula ndogo ya chuma. Ilaze kwenye ukuta wa rimu pale pedi ya breki inapobana. Ukuta ambao haujaliwa unakuwa bapa. Ukiona mwanga katikati chini ya rula, rimu imeliwa, siku moja itapasuka upepo ukiwa umejaa. Rula hiyohiyo pimia mnyororo: inchi 12 zitoke pini hadi pini bila kuzidi. Ikizidi kwa sehemu ya 16 ya inchi, badilisha mnyororo. Ikifika sehemu ya 8, jua na meno ya nyuma yameshakwenda nao.

La mwisho: legeza bolti ya bomba la siti, ushike siti uizungushe. Ikigoma, acha hapohapo. Bomba la alumini likishaungana na fremu ya chuma kwa chumvi, nitalitoa kwa msumeno na utalipa.

Kijana wa Resi

Fundi nakuheshimu, lakini mnataka kumrudisha jamaa kwenye baiskeli ya kubebea mkaa. Mimi nina ya alumini, uma wa kaboni, tairi 700 kwa 25, njiti 20 mbele na 24 nyuma. Nauli siijui, foleni siijui, na asubuhi hakuna daladala inayonipita kati ya Mwenge na Morocco. Uzito ndio kila kitu.

Fundi wa Temeke

Mdogo wangu, njiti 20 moja ikikatika gurudumu linayumba mpaka linagusa breki, unatembea kwa miguu. Zikiwa 36 moja ikikatika unafika kazini, jioni unapita kwangu. Na hizo zako bapa sina dukani, sijui nani anazo.

Mzee wa Ngong Road

Salamu kutoka Nairobi. Huku shida yetu ni milima, tena mji uko juu, karibu mita 1,700. Natoka Karen kuingia tao, kwa hivyo asubuhi nateremka nikiwa mfalme, jioni napanda nikiwa mtumwa.

Niko na fremu ya chuma ya Japani, ya miaka ya themanini hivi. Nilipoinunua ilikuwa na rangi ya zambarau na maandishi ya dhahabu. Nikaisugua, nikaipaka ile rangi ya kijivu ya kupaka mageti. Tangu hapo walinzi wa jengo hata hawaniulizi maswali.

Sasa hebu niwaambie kuhusu tairi, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Baiskeli nyingi za zamani za lami huja na tairi zilizoandikwa 27 kwa 1 na robo. Mtu akiona 27 na 28 anadhani ni karibu sawa. Usisome hizo, soma namba ndogo pembeni mwa tairi, ile ya kipenyo cha rimu kwa milimita. Ile 27 ni 630. Ya kisasa ya 700 ni 622. Black Mamba na Phoenix zile kubwa za magurudumu ya 28 ni 635. Hakuna inayoingia kwa mwenzake, na 630 kuipata siku hizi ni kuomba Mungu.

Mimi nilitoa magurudumu ya 630 nikaweka ya 622. Tofauti ni milimita 8 kwa kipenyo, maana yake pedi za breki zishuke milimita 4 tu, na breki zangu zilikuwa na nafasi hiyo. Faida yake nikapata uwazi wa kuweka tairi pana ya milimita 32 pamoja na madigadi. Nyuma fremu ilikuwa ya habu ya milimita 126, habu mpya ni ya 130. Chuma kinapanuliwa hizo milimita 4 bila tabu. Alumini usijaribu.

Na huyu kijana wa tairi 25 zilizojazwa hadi zikalia ngii, nikubali nikatae. Kwa lami laini kama ya uwanja, sawa. Kwa lami yetu yenye viraka, tairi nyembamba ngumu inarukaruka, na kila ikiruka nguvu yako imepotea hewani. Yangu ya 32 naijaza upepo kama psi 60, nina kilo 75, na vijana wa nguo za kubana nawapata kwenye matuta.

Kijana wa Resi

Mzee, unawapata kwenye matuta. Kwenye mteremko je?

Mzee wa Ngong Road

Kwenye mteremko nina watoto watatu.

Mwalimu Bububu

Assalaam alaykum. Naona wanaume watupu humu, na sisi tunaendesha. Mimi nakwenda skuli mjini, kutoka Bububu, na buibui langu na begi la madaftari.

Usukani uliopinda chini siutaki, na mnyororo wa wazi siuwezi, nguo itanasa. Nilichochagua ni baiskeli ya mtumba yenye gia tatu ndani ya habu, Sturmey-Archer. Mtambo wake huo wa AW umekuwa ukitengenezwa tangu 1936 na haujabadilika sana. Gia ya kati ni moja kwa moja, ya chini inapungua robo, ya juu inaongezeka thuluthi. Kwa kuwa gia zimo ndani, mnyororo ni mmoja ulionyooka na unafunikwa wote kwa boksi. Hapa kwetu hiyo ndiyo kinga hasa, maana hewa ya bahari inakula mnyororo ukiutazama. Nauliza kila mara njiti kama ni za chuma kisichoshika kutu. Sumaku haisaidii sana kuzijua, lakini za kawaida mwaka haujesha zimeshapiga wekundu pale zinapoingia kwenye habu.

Kuhusu mbio: mbele nina meno 46, nyuma nimemwambia fundi aweke 18 badala ya 16. Mwenye miguu mizuri abaki na 16. Kwa hiyo 16, ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika kwenye gia ya kati unapata kama kilomita 29 kwa saa, ya juu inakupeleka karibu 39. Nani anahitaji zaidi ya hapo baina ya Bububu na Darajani? Mie nimetaka 18 kwa ajili ya kusi. Kuanzia mwezi wa nne upepo unatoka kusini, na mimi asubuhi nashuka kusini. Unakanyaga na baiskeli imesimama. Kaskazi ikirudi, naruka.

Mwanzisha mada, na wewe Kunduchi–Posta ni hivyohivyo, kusi itakupiga kifuani. Ukishavuka kilomita 20 kwa saa upepo ndio unaokula nguvu nyingi, kuliko uzito. Kwa hiyo wewe usukani wa kuinamia utakufaa, mimi ni nguo tu.

Mpanda Kimara

Mimi la kwangu ni fupi: valvu. Nyingi za mbio zina valvu nyembamba ya kufungua kwa kijinati juu. Ukipata upepo mdogo Ubungo, hakuna kijiwe cha pancha wala sheli itakayokujaza. Kile kiadapta cha shaba cha kuifanya ipokee pampu ya valvu ya gari ni kidogo kuliko kifundo cha kidole, ninacho kimoja kwenye valvu badala ya kifuniko na kingine kwenye pochi. Wapo wanaotoboa rimu kutoka tundu la milimita 6 na nusu kwenda 8 na nusu ili waweke tyubu ya valvu ya gari. Kwenye rimu pana sawa. Kwenye rimu nyembamba ya mbio unaidhoofisha.

Halafu ile njia ya baiskeli kando ya mwendokasi, msiitegemee kwa mbio. Bodaboda, meza za machungwa, watu wanasubiri gari. Hapo breki ndiyo baiskeli.

Mbeba Boksi London

Wadau, huku wizi ni kazi ya watu, wanakuja na mashine ya kukatia vyuma mchana kweupe. Kwa hiyo hilo la "isiyoita" ninalijua vizuri. Ninayotumia ni ya chuma, nyeusi isiyong'aa, breki za diski za waya, matundu ya kufungia madigadi na keria. Jina la kampuni nimelizungushia mpira wa tyubu kuukuu, na siti nimeibana kwa bolti ya kawaida, si ile ya kufungua kwa mkono. Ile ya mkono ni kumwachia mtu siti.

Breki za diski za waya nazipendekeza hata kwa Dar, kwa sababu mchanga na maji ya mvua vinasaga pedi na kuila rimu, diski ikiisha unabadilisha diski. Za mafuta zinashika zaidi, lakini uulize kwanza kijiweni kama kuna anayejua kuzitoa hewa na ana mafuta sahihi. Shimano wanatumia mafuta ya madini, kuna kampuni nyingine zinatumia yale ya breki za gari, na ukichanganya mipira ya ndani inaharibika.

Moja la tahadhari. Mtumba wa Uingereza unakuja na fremu zenye stika ya Reynolds 531, mabomba ya chuma yaliyoanza kuuzwa 1935, mazuri sana, mepesi. Likipata ufa usilipeleke kwa fundi wa mageti na welding ya umeme. Bomba ni jembamba na lile joto linalifanya livunjike pembeni ya mshono. Linataka kulehemiwa kwa shaba, kwa moto wa gesi, taratibu. Chuma cha kawaida cha Phoenix chenyewe kinavumilia mengi.

Kaboni kwa mtu anayeegesha kwenye nguzo na baiskeli za wengine zinamwangukia, mimi sishauri. Ikigongwa ufa unaweza kuwa ndani usiuone.

Mkaazi wa Kunduchi

Shukrani wakuu, mada imekuwa darasa. Jana nimepita kwenye kontena moja na rula mkononi, muuzaji akaniuliza kama natokea viwango. Nimepata mbili. Ya kwanza alumini, nyekundu, gia 16, rimu zimebonyea vibaya. Ya pili chuma, bluu iliyofifia, kaseti nyuma, njiti 36, tairi 622, siti inazunguka vizuri, matundu ya keria yapo. Laki 3 na nusu, hajashuka. Mnyororo umezidi sehemu ya 16. Kinachonisumbua nyuma ya bomba la siti wameandika 58, saizi ya fremu kwa sentimita, na mimi nina urefu wa sentimita 172.

Kijana wa Resi

Chukua nyekundu ubadilishe rimu.

Fundi wa Temeke

Nyekundu aiache. Lakini na hiyo bluu asiichukue kwa kuipenda. 58 ni ya mtu wa 180 na kitu. Ipande umevaa viatu vya kazini, simama bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Likikugusa, hiyo si yako hata ukipewa bure. Lisipokugusa, kaa kwenye siti, shika usukani pale juu kwenye breki. Viwiko vikinyooka kabisa imekuwa ndefu. Kibomba kinachoshika usukani kinaweza kubadilishwa kuwa kifupi kwa sentimita 2 au 3, zaidi ya hapo usukani unakuwa na haraka mno, unashtuka tu umegeuka. Kwa urefu wako tafuta 53 mpaka 55. Mwambie muuzaji akuwekee namba yako ya simu, makontena hayajaisha.